Umelipa na Hukuridhika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kula Nje

Ukurasa huu ni wa wale wanaokula kwenye migahawa ya kawaida na baa zenye jiko, hasa Dar es Salaam na miji mingine ya bara: chipsi kuku, nyama choma, ugali samaki, pilau ya Ijumaa. Hoteli za kitalii zina taratibu zake. Kwa mama ntilie nako shida ni chache, maana unaona sufuria, unaona unachopakuliwa na bei unaijua kabla hujakaa.

Pesa ya mteja imetafutwa kwa jasho, na kudai ulichoagiza si ukorofi. Ila lalamiko lina wakati wake na mtu wake. Likitolewa mapema, kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, mara nyingi linasikilizwa. Likitolewa sahani ikiwa tupu, kwa binti aliyekuletea tu chakula, litaishia kwenye kelele.

Nimekaa saa nzima chakula hakijaja. Muda wa kawaida ni upi?

Inategemea umeagiza nini. Chipsi na kuku wa kukaanga, mafuta yakiwa yamepata moto, hazizidi nusu saa. Samaki mzima wa kukaanga ni hivyo hivyo. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: nyama yake ni ngumu, na kama hakuchemshwa mapema, saa nzima ni muda wa haki kabisa. Ndizi nyama inategemea kama supu iko tayari jikoni au ndiyo kwanza nyama inabandikwa.

Kwa hiyo swali la muda liulizwe kabla ya kuagiza, na liulizwe vizuri. Ukisema "kitachukua muda gani?" utajibiwa "sasa hivi tu, bosi", na jibu hilo halikusaidii. Uliza, "Kuku yupo tayari au anaanza kuchomwa?" Hapo mhudumu analazimika kwenda kuuliza, na anarudi na jibu la kweli.

Zikipita dakika ishirini kimya, ulizia kama oda imefika jikoni. Sehemu nyingi oda hupelekwa kwa mdomo, na mhudumu mmoja ana meza sita. Inasahaulika. Ukikuta chakula hakijaanza kupikwa, una haki ya kufuta oda na kulipia kinywaji chako tu. Kikiwa tayari kiko motoni, kuondoka ni kumtia hasara mtu.

Nikilalamika naambiwa "hayo ya jikoni mimi sihusiki". Inakuwaje mhudumu asihusike?

Jambo hili wateja wengi hawalijui, na linaeleza nusu ya ugomvi unaotokea kwenye baa. Kwenye baa nyingi, kaunta ya vinywaji na jiko ni biashara mbili za watu wawili. Mwenye baa amepangisha jiko kwa mtu mwingine, anayelipa kodi yake na kununua kuku, viazi na mafuta kwa fedha yake. Bucha ya nyama choma nayo huenda ikawa ya mtu wa tatu. Wewe umekaa meza moja, mbele yako kuna biashara tatu.

Ndiyo maana bili ya chakula inakuja peke yake, wakati mwingine kwenye kikaratasi cha daftari. Ndiyo maana pia mhudumu wa vinywaji hawezi kukupunguzia hata shilingi kwenye chipsi zilizoungua, na meneja wa baa anakuangalia tu. Mwenye chipsi yupo nyuma, kwenye moshi.

Cha kufanya ni kuuliza, "Jiko ni la nani hapa? Naomba nimwone." Ukimpata, mara nyingi ana moyo wa kurekebisha kuliko yeyote pale, kwa kuwa mteja akiudhika anayekosa ni yeye. Wapo wanaokaanga upya bila hata kubishana.

Na kumbuka kwamba katika baa nyingi mteja akitoroka bila kulipa, au glasi ikivunjika, deni humwangukia mhudumu mwenyewe. Ukiona ana wasiwasi na bili yako, si kwamba anakudharau.

Nimeagiza kilo ya nyama choma, imekuja kidogo. Nimeibiwa?

Huenda, na huenda hapana. Kilo hupimwa ikiwa mbichi. Nyama ikikaa kwenye moto wa mkaa inatoa maji na mafuta, na inapoteza kama robo ya uzito wake, pengine hadi theluthi ikichomwa sana. Kilo moja inaweza kukufikia ikiwa gramu 700 hivi, na humo toa mifupa. Mbavu za mbuzi zina mifupa mingi kuliko paja, kwa hiyo kilo ya mbavu na kilo ya paja hazishibishi sawa hata kama uzito ni ule ule.

Unapopunjwa, unapunjwa sehemu tatu. Ya kwanza ni mizani. Simama mbele ya dirisha la bucha, angalia kama inasoma sifuri kabla nyama haijawekwa, na kama ina stika ya Wakala wa Vipimo inayoonyesha imehakikiwa. Kipande kikitupwa kwa nguvu mshale unaruka, subiri utulie.

Ya pili ni njiani, kati ya mizani na jiko. Umechagua paja zuri, linakuja shingo na mbavu. Dawa yake ni kuomba nyama ikatwe mbele yako, tuseme vipande vinne vikubwa, na mchomaji avione ukivihesabu. Vikija mezani vizima kwenye sinia kabla ya kukatwakatwa, utavitambua. Sehemu nzuri hawakatai. Mchomaji anakuja na kisu na kibao, anakata mbele yako, anamimina chumvi pembeni, ndimu, pilipili na kachumbari, mnaanza kula.

Ya tatu ni kiungo ambacho hukukiomba. Maini, mafuta au mfupa mtupu vikiongezwa kwenye mizani ili kilo itimie, vikatae pale pale. Ukishavichoma ni vyako.

Menyu inasema kuku wa kienyeji, lakini nahisi nimeletewa wa kisasa. Nitajuaje?

Shika mfupa wa paja. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mfupa wake ni laini na mwisho wake unatafunika. Wa kienyeji ameishi miezi mingi: mfupa mwembamba lakini mgumu, nyama ya paja nyeusi kidogo na yenye nyuzi, kidari chembamba. Kuku mwenye kidari kinene na nyama inayoachia mfupa kwa kugusa tu si wa kienyeji, hata kama amechemshwa na tangawizi.

Tofauti ya bei ni kubwa, kwa hiyo si jambo la kufumbia macho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au bei ya anachouza, na hili linaingia humo moja kwa moja. Mwambie mwenye jiko akutoze bei ya kisasa. Wengi wanakubali haraka.

Kuku ana wekundu karibu na mfupa. Hajaiva?

Si lazima. Kwa kuku wachanga wa kisasa uboho hupenya kwenye mfupa laini na kuacha wekundu hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Angalia nyama yenyewe. Ikiwa inateleza, inang'aa, inang'ang'ania mfupa na ukikata yanatoka maji mekundu, huyo hajaiva na asiliwe. Kuku anahitaji kufika nyuzi 74 za Selsiasi ndani, siyo kwenye ngozi, na moto mkali wa haraka unaunguza nje huku ndani kukiwa kubichi. Rudisha, tena usione haya. Kuku mbichi ni njia ya wazi ya kupata Salmonella.

Bei kwenye bili si ile niliyoiona kwenye menyu. Wananiambia menyu ni ya zamani.

Menyu ndiyo ahadi uliyopewa, na uliagiza kwa kuiamini. Mafuta ya kula yakipanda, kuku wakipanda, mwenye mgahawa ana haki ya kupandisha bei, lakini abandike bei mpya au mhudumu aseme kabla hujaagiza. Kubadilisha bei baada ya chakula kuliwa ni kumpotosha mlaji.

Ukikaa sehemu mpya, piga picha ukurasa wa menyu. Hakuna atakayekuuliza. Siku ya ubishi unaonyesha picha kwa sauti ya chini na mambo yanaisha.

Menyu isiyo na bei, au samaki wenye "bei kulingana na ukubwa", ni mahali pa kuuliza kila kitu mapema. Omba uletewe samaki umwone akiwa mbichi, utajiwe bei yake, ndipo aingie kwenye mafuta. Sato mmoja wa wastani na mwingine mkubwa wanaweza kutofautiana bei mara mbili, na hakuna ubishi mgumu kama wa samaki aliyebaki miiba.

Wameniongezea VAT mwisho wa bili. Ni halali?

Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na anayeruhusiwa kuitoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo tu. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mgahawa mdogo usiosajiliwa hauna ruhusa ya kukuongezea hiyo asilimia 18. Risiti ya aliyesajiliwa ina namba ya usajili wa VAT, VRN, pamoja na namba ya mlipakodi, TIN. Namba hiyo ikikosekana na bado umetozwa VAT, uliza kwa nini.

Na nikiwa Nairobi?

Kule VAT ni asilimia 16, na migahawa mingi huonyesha pia tozo ya utalii ya asilimia 2. Baadhi huongeza gharama ya huduma juu yake. Soma mstari mdogo chini ya menyu unaosema kama bei zimejumuisha kodi au la. Ukiwa na tatizo, Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua haki za mlaji katika kifungu cha 46, na kuna Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012.

Kikaratasi walichoniandikia kwa mkono ni risiti?

Hapana. Ile ni hesabu tu. Risiti ni ile ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, yenye jina la biashara, TIN, tarehe, saa na alama ya kuskani. Mamlaka ya Mapato, TRA, wana usemi wao ambao kila mtu anaujua, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na sheria inawabana wote wawili. Kwako risiti ina faida ya karibu zaidi: ndiyo ushahidi kwamba ulikula pale, siku ile, saa ile, kwa bei ile. Bila hiyo, lalamiko lako popote litaanzia nyuma.

Naambiwa nitume pesa kwenye namba ya mhudumu "na ya kutolea". Nifanyeje?

Omba Lipa Namba ya biashara. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu, liwe la mgahawa au mmiliki. Ukituma kwa namba binafsi ya mhudumu, kisha kaunta wakasema hawajaona malipo, utabaki ukionyesha ujumbe wa simu huku mhudumu ameshamaliza zamu.

Kuhusu ya kutolea, yaani ada ya kutoa pesa kwenye simu, bei ya chakula ni ile ya menyu. Gharama za mwenye biashara kutoa fedha zake ni zake. Kama hawana Lipa Namba na huna fedha taslimu, mkubaliane kabla ya kula.

Bili ya vinywaji imezidi tulivyokunywa. Tutathibitishaje?

Usiruhusu chupa tupu ziondolewe mezani. Ndiyo maana baa nyingi huziacha zimejipanga pale hadi mwisho, ziwe hesabu ya pande zote mbili. Mhudumu akija kusafisha meza, mwambie, "Ziache kwanza dada, tutahesabu." Meza ikijaa, lipeni bili ya kwanza, chupa zichukuliwe, muanze upya. Na akibadilika mhudumu wa zamu, fungeni hesabu na yule anayeondoka. Bili zinazochanganyika nyingi huchanganyikia hapo, hata pasipo na mtu mwenye nia mbaya.

Kwa nini soda ya dukani inauzwa karibu mara mbili mgahawani?

Kwa sababu unalipia kiti, barafu, umeme, kodi ya pango na mtu wa kukuletea. Hata chakula ni hivyo: kwa hesabu za kawaida za migahawa, malighafi huchukua karibu theluthi ya bei ya sahani. Sahani ya shilingi 15,000 ina vitu vya kama 5,000 ndani yake. Huo si wizi. Unachopaswa kudai ni ile thamani iliyobaki: meza iliyofutwa, maji ya kunawa na sabuni, choo kinachofungika, soda ya baridi kweli, na mtu anayekusikiliza. Mgahawa unaotoza bei ya huduma na hautoi huduma ndio unaostahili lawama, na wapo wengi mno. Mtu analetewa soda ya moto na kuambiwa "friji limezimika", kwa bei ile ile. Haifai.

Ni lazima niache kitu kwa mhudumu hata kama huduma ilikuwa mbovu?

Si lazima. Bakshishi kwetu ni hiari. Ila tenganisha: chipsi zikija zimepoa kwa sababu jiko lina mpishi mmoja, kosa si lake. Akiwa amekujia mara kwa mara kukupa taarifa, chenji ndogo ni stahili yake. Aliyekaa na simu yake huku umeinua mkono, usimwachie kitu.

Nilalamike vipi bila kugombana?

Mapema, kwa jambo moja, na useme unataka nini. "Dada samahani, kuku hajaiva ndani, angalia hapa. Naomba arudishwe jikoni, nitasubiri." Sentensi hiyo ina kosa, ushahidi na suluhisho. Linganisha na "Hivi nyie mnafanyaje kazi?" ambayo mtu hawezi kuijibu isipokuwa kwa kununa.

Acha kula mara tu unapoona kasoro. Ukila robo ya sahani ukarudisha, unaeleweka. Ukila ukabakiza mifupa, hata ungekuwa na haki yote, mwenye jiko hatakuelewa, na kwa kweli ana hoja.

Chagua unachodai: kibadilishwe, kipunguzwe bei, au kiondolewe kwenye bili. Usidai vyote. Kama mhudumu ni mtu mzima, mwite mama au kaka mkubwa kama ungefanya kwingine kokote. Heshima haipunguzi haki yako hata kidogo.

Wakikataa kabisa, lipa ulichokula, chukua risiti, na upeleke suala mbele. Udanganyifu wa bei au bidhaa unapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Uchafu, wadudu, wapishi wasio safi na choo kibovu ni vya bwana afya wa kata au halmashauri, ambaye ana mamlaka ya kukagua na hata kufunga. Mizani ni Wakala wa Vipimo. Kunyimwa risiti ni TRA.

Nimeumwa tumbo baada ya kula nje. Ni wao?

Usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho. Sumu za baadhi ya bakteria, kama zile za wali uliopikwa ukaachwa mezani hadi jioni kisha ukapashwa moto, hukutapisha ndani ya saa chache, na kupasha moto hakuziondoi. Lakini Salmonella huweza kuchukua saa sita hadi siku kadhaa, na kipindupindu hadi siku tano. Huenda kosa ni la chakula cha juzi.

Kunywa maji yenye ORS. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au kuhara maji mfululizo, nenda kituo cha afya leo, hasa kwa mtoto au mzee. Kama mlikula pamoja na wengine wameumwa pia, hiyo ni dalili nzito. Mjulishe bwana afya na umpe risiti. Taarifa hiyo inaweza kumwokoa mtu mwingine anayekaa meza ile ile kesho.

Naweza kuandika mtandaoni?

Andika. Watu wanasaidika. Ila andika ulichokiona: siku, ulichoagiza, muda uliosubiri, bei ya menyu na bei ya bili. Usiandike "ni wezi" wala "wanauza nyama ya punda" kama huna ushahidi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo. Usiweke sura ya mhudumu. Yeye hakupanga bei, na picha hiyo inaweza kumnyima kazi.

Na wakirekebisha, rudi uandike hivyo pia.

Tunakwenda watu kumi na tano kwa sherehe ya ofisi. Tujikinge vipi?

Pigeni simu siku moja kabla, chagueni vyakula viwili au vitatu tu, mtoe kitangulizi na mpewe maandishi yake. Jiko la mtu mmoja na kikaangio kimoja haliwezi kutoa sahani kumi na tano tofauti kwa pamoja, wa kwanza atamaliza kabla wa mwisho hajaanza. Mteueni mtu mmoja wa kuagiza na kulipa. Epukeni saa saba mchana ya siku ya kazi.

Chakula kimebaki. Wananidai pesa ya kufungiwa, ni sawa?

Kopo au foili ina gharama, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kutozwa kidogo ni sawa mradi uambiwe kabla. Ukitaka kuepuka, nenda na kopo lako la nyumbani. Ukifika, kiweke kwenye friji mapema, na kesho kipashe hadi kitoe moshi kote, siyo pembeni tu.